Mama ana nadhiri ya Lourdes tangu 1991: je, nimpeleke na kundi la siku 10 na miji mitano?

Binti wa Katuba aliandika:

Ndugu zangu katika Kristo, ninawasalimu kutoka Lubumbashi. Ninaleta kwenu jambo ambalo limekaa nyumbani kwetu kwa zaidi ya miaka 30, na ambalo sasa linataka kuamuliwa.

Mama yangu ana miaka 72, ni mjane. Marehemu baba alifanya kazi ya mgodi, na wote wawili walikuwa watu wa Jamaa, ile harakati ya Kikatoliki iliyoanzia kwa Padri Placide Tempels kule Kolwezi katika miaka ya 1950. Mwaka 1991, nikiwa na miaka mitatu, nilipatwa na homa ya uti wa mgongo. Mama husimulia kwamba usiku wa tatu pale hospitalini, alipoona wauguzi hawamtazami tena machoni, alimwahidi Mungu kwamba nikipona atakwenda Lourdes, Ufaransa, kushukuru, mahali Bikira Maria alipomtokea Bernadeta, ambaye ndiye somo wake wa ubatizo. Nilipona. Safari haikufanyika, kwanza kwa sababu ya njaa ya miaka ile, kisha karo za shule, kisha ugonjwa wa baba. Mama hakutudai chochote, lakini kila tarehe 11 Februari huwasha mshumaa na kutuambia ni mwaka wa ngapi.

Sasa mimi na wadogo zangu tumekusanya fedha za kutosha watu wawili, yeye na mimi. Kuna mtu anayeandaa kundi la mahujaji la siku 10, lenye Paris, Lisieux, Lourdes, Roma na Assisi, ambapo Lourdes wanalala usiku mmoja. Bei yake si mbaya ukihesabu miji. Hata hivyo mama ana magoti mabovu na shinikizo la damu, anazungumza Kiswahili na Kiluba, na Kifaransa chake hakizidi salamu, jambo linalomtia hofu kuliko ndege yenyewe: ananiuliza ataungamaje huko. Kaka yangu mkubwa anaona tungempeleka Kibeho kule Rwanda, ambako ni karibu zaidi na ambako Mama Maria ni yuleyule. Na majirani, tangu waliposikia habari hii, wameleta barua za maombi ambazo tayari zinajaza bahasha kubwa, pamoja na vifurushi viwili vya kuwapelekea jamaa zao walio Ulaya.

Ninaomba ushauri wa waliokwisha kwenda, na wa wanaojua mafundisho ya Kanisa kuhusu nadhiri. Tungependa kuondoka mwezi wa Juni mwakani.

Mstaafu wa Kamalondo aliandika:

Binti yangu, nilikwenda Lourdes na mke wangu miaka michache iliyopita, kwa hiyo ninasema niliyoyaona kwa macho.

Achaneni na ile ratiba ya miji mitano. Kutoka Paris, kwenye stesheni ya Montparnasse, treni ya kasi inachukua karibu saa tano hadi Lourdes. Kundi lenu litafika jioni limechoka, litaona maandamano ya mishumaa ya saa tatu usiku likisinzia, na kesho yake mchana litakuwa linatafuta mizigo yake ili kuondoka. Mama yako atakuwa amepiga magoti mbele ya pango alipotokea Bikira Maria kwa dakika 15 baada ya kungoja miaka 30. Sisi tulikaa siku tano, na siku ya tatu ndipo mke wangu aliponiambia kwamba sasa ameanza kusali. Zile mbili za kwanza alikuwa anashangaa tu. Kuna Misa pangoni, kuna maandamano ya Ekaristi saa kumi na moja jioni, wagonjwa wakiwa mstari wa mbele, kuna mto Gave unaopita pembeni kwa sauti yake. Ni mahali pa kukaa, na mwenye magoti mabovu anafaidika nako kuliko mwenye miguu ya kukimbia.

Juni ni mwezi mzuri. Maandamano ya kila siku hufanyika katika majira yanayoanzia karibu na Pasaka hadi Oktoba, na wakati wa baridi hoteli nyingi hufungwa. Katikati ya Agosti, Wafaransa huja na hija yao ya kitaifa na msongamano huwa mkubwa. Mvua inanyesha pale milimani hata wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo mwavuli uwemo.

Sasa visa, kwa sababu hapo ndipo hija nyingi za Lubumbashi hufia. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na kwenu, mkikubali ushauri wangu, ni Ufaransa. Faili hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Jibu la kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini wana haki ya kufika hata siku 45. Msingoje Mei, basi; kwa safari ya Juni, faili iwe imeingia Machi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali kwa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu na kurudishwa nyumbani. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukikataliwa. Mhusika lazima aende mwenyewe kutoa alama za vidole, isipokuwa kama alizitoa kwa visa ya Schengen (hii ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) katika miezi 59 iliyopita. Ulizeni mapema mahali pa kupokelea faili ya nchi mliyoichagua, kwa sababu ikiwa ni Kinshasa, tayari hiyo ni safari ya kwanza ya ndege kwa mama wa miaka 72, na gharama yake haimo katika bei aliyowapa yule mwandaaji. Tiketi iwe ya kuhifadhiwa nafasi tu. Msiilipe kabla ya visa kutoka.

Na kuna jambo moja ambalo watu wa rika la mama yako hukwama nalo. Mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, wengi wetu tulibaki na majina ya mababu kwenye vitambulisho vya serikali, na jina la ubatizo likabaki katika vitabu vya parokia. Mke wangu katika pasipoti hakuwa na jina la ubatizo hata kidogo, huku barua ya paroko ikimwita kwa jina hilo tu, kama alivyozoea kumwita kanisani. Tuliulizwa ni watu wawili au mmoja. Mwombeni paroko aandike majina kama yalivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi, kisha, akipenda, aongeze kwamba ndiye aliyebatizwa Bernadeta.

Katekista wa Ruashi aliandika:

Tumsifu Yesu Kristo. Nitajibu juu ya nadhiri na juu ya kitubio, mengine ninawaachia waliosafiri.

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1191, inaeleza nadhiri kuwa ahadi ya makusudi na ya hiari inayotolewa kwa Mungu, kuhusu jambo jema linalowezekana na lililo bora zaidi, ambalo mtu anapaswa kulitimiza kwa fadhila ya ibada. Aliyoyasema mama yako usiku ule yanafanana sana na maelezo hayo, ingawa ni vizuri azungumze na paroko kuhusu hiari yake wakati ule, maana hofu kubwa inaweza kuibadili hali ya ahadi. Tuseme ni nadhiri kweli. Kanuni ya 1193 inasema kwamba nadhiri, kwa yenyewe, inamfunga yule tu aliyeiweka. Ninyi watoto hamna deni mbele ya Mungu, na ikitokea mama akafariki kabla ya safari, mtu asije akawatisha kwamba mmerithi laana. Ninalisema kwa sababu nimewahi kusikia mafundisho hayo yakitolewa mtaani, tena kwa sauti kubwa.

Zaidi ya hayo, kama umri na afya vimemzuia, paroko anaweza kumwondolea nadhiri ya binafsi kwa sababu ya haki (kanuni ya 1196), na mwenyewe aliyeiweka anaweza kuibadili kwa jema lililo sawa au lililo bora zaidi (kanuni ya 1197). Kwa hiyo swali la Kibeho ambalo kaka yako ameliuliza haliwezi kujibiwa nasi, wala na kaka yako. Mama ndiye mwenye kujibu. Mmekwisha kumwuliza?

Kuhusu kuungama: Lourdes kuna kikanisa cha upatanisho chenye mapadri wa lugha kadhaa za Ulaya, lakini msitegemee kukuta Kiswahili, sembuse Kiluba. Hakuna haja ya kuhangaika. Aungame hapa, kwa paroko wake, kwa lugha yake, bila haraka, siku chache kabla ya kuondoka. Kwa rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, Idara ya Toba ya Kitume ya Vatikani ilieleza mwaka 2000 kwamba kitubio kinaweza kufanyika siku kadhaa kabla au baada ya tendo lenyewe, ikitaja takriban siku 20, na kitubio kimoja kinatosha kwa rehema kamili zaidi ya moja. Komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu hurudiwa kwa kila rehema, na inafaa vifanyike siku ileile ya tendo. Hivyo, akiwa ameungama Katuba, pale Lourdes anabaki na Misa, ambayo hata ikisomwa Kifaransa au Kiitalia ataifuata hatua kwa hatua kwa kuwa ameisikia maisha yake yote.

Mweleze mama pia kwamba Bernadeta mwenyewe hakujua Kifaransa vizuri. Alikuwa msichana wa miaka 14, maskini, na lugha yake ilikuwa Kigaskoni cha milimani, lugha ambayo watu wa shule waliidharau. Tarehe 25 Machi 1858 Bibi yule aliyemtokea alipotaja jina lake, alilitaja kwa lugha hiyo ya nyumbani: «Que soy era Immaculada Councepciou», yaani «Mimi ndimi Mkingiwa Dhambi ya Asili». Maneno hayo yameandikwa chini ya sanamu pangoni, na si Kifaransa. Mama anayeogopa kwamba atakuwa bubu mbele ya Bikira Maria kwa kukosa Kifaransa atayasoma, au utamsomea, naye ataelewa.

Jambo dogo la kumtayarisha: asitazamie kuona kaburi la somo wake. Bernadeta aliondoka Lourdes mwaka 1866, hakurudi tena, na alifariki Nevers tarehe 16 Aprili 1879, ambako mwili wake uko hadi leo. Nimewaona watu waliorudi na huzuni kwa sababu hawakuambiwa hilo.

Msafiri wa Kolwezi aliandika:

Dada, nitasema kwa ufupi kwa kuwa jambo lenyewe bado linaniuma. Tulikuwa watu 14, tulilipa kwa awamu kwa mwandaaji aliyekuwa akitangaza kanisani baada ya Misa, na risiti zetu zilikuwa vipande vya daftari. Visa zilikataliwa kwa watu 11, naye akasema fedha za hoteli zimekwisha kuliwa na hoteli. Hakuna aliyepata hata nusu. Si lazima mtu wenu awe hivyo, lakini mwulizeni mambo matatu kwa maandishi kabla ya kutoa hata faranga moja: nini kinarudishwa visa ikikataliwa, nani anashika fedha, na kama uongozi wa jimbo au wa parokia unamjua kama mwandaaji au unamjua tu kama mwamini anayesali pale. Kutangaza kanisani si kutumwa na kanisa. Sisi tulichanganya hayo mawili.

Mama Muuguzi wa Kampemba aliandika:

Mwanangu, hongereni kwa kumkumbuka mzazi. Mimi ninahudumia watu wazima wenye shinikizo la damu, na nimewapokea mahujaji waliorudi, wengine wakiwa wazima, wengine wakiwa wameharibu matibabu ya miaka kwa wiki moja.

Haribiko la kwanza ni hili. Mtu anakunywa maji ya chemchemi ya Lourdes, anajisikia mwepesi, kisha anaacha vidonge kwa imani. Tafadhali kaeni naye mlizungumze kabla hamjaondoka, na paroko akiwepo itafaa zaidi, kwa sababu neno la muuguzi mbele ya muujiza halina nguvu. Kanisa lenyewe lina uangalifu mkubwa kuliko sisi: tangu 1883 pale Lourdes kuna ofisi ya madaktari inayochunguza taarifa za uponyaji, taarifa zilizopelekwa huko zimepita 7,000, na zilizotambuliwa rasmi kuwa miujiza tangu 1858 ni 72. Mtu anayedhani amepona aende akapimwe huku akiendelea na dawa. Na mama yako, kwa jinsi ulivyoeleza, haendi kuomba kupona. Muujiza wake aliupata 1991, na ndio unaoandika barua hii.

Dawa zote ziwe katika mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake za asili, zikiwa za siku za safari na wiki moja ya ziada, pamoja na maagizo ya daktari yaliyoandikwa kwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Wakati wa kuhifadhi nafasi kwenye ndege, ombeni kiti cha magurudumu. Huduma hiyo hailipiwi, na inatakiwa iombwe angalau saa 48 kabla. Wazee wetu huona aibu kukalishwa kitini, lakini uwanja wa ndege wa Addis Ababa au wa Paris si ule wetu wa Luano ambao unauvuka kwa hatua mia mbili. Ndani ya ndege asikae kimya saa zote: asimame, atembee hadi nyuma, azungushe vifundo vya miguu, anywe maji, ili damu isigande miguuni.

Pale Lourdes, eneo la pango na basilika ni tambarare, na kuna vigari vya wagonjwa na watu wa kujitolea wa kuvisukuma. Njia ya Msalaba ya kilimani ni mwinuko mkali wenye mawe, magoti yake hayataikubali. Kuna nyingine kando ya mto, kwenye uwanja ulio sawa, iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa. Kuoga majini pia si lazima. Anaweza kunawa mikono na uso na kunywa, na ishara ni ileile.

Msisahau kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti chake hakina mwisho, kwa hiyo kama anayo ya zamani isiyochanika, hata kama imeandikwa miaka 10, inatosha. Bila hiyo mtapata taabu wakati wa kurudi Kongo. Na ikitokea akapata homa akiwa Ufaransa, mwambieni daktari mara moja kwamba ametoka Kongo na kwamba apimwe malaria. Wao hawatalifikiria kwanza.

Mzaliwa wa Bukavu aliandika:

Ninaishi Lubumbashi lakini nilikulia Bukavu, na ninataka kumtetea huyo kaka mkubwa ambaye naona anaachwa peke yake.

Kibeho si hija ya maskini waliokosa visa. Bikira Maria alionekana pale kuanzia tarehe 28 Novemba 1981 hadi tarehe ileile mwaka 1989, na askofu wa Gikongoro, Augustin Misago, alitangaza uamuzi wa Kanisa tarehe 29 Juni 2001, akiwatambua wasichana waliotokewa, Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Sisi tulivuka Rusizi alfajiri, tukaupita msitu wa Nyungwe kwa baridi ambayo hakuna aliyetuonya, tukapitia Huye, na kabla ya jioni tulikuwa mbele ya kikanisa. Pale Bikira Maria alijiita Nyina wa Jambo, Mama wa Neno, kwa Kinyarwanda, lugha ya wasichana wale wa shule. Kama alivyoeleza Katekista kuhusu Bernadeta, ndivyo ilivyokuwa kwa hawa. Tuliungamishwa kwa Kiswahili, tukafundishwa Rozari ya Mateso Saba, na bibi yangu aliyekuwa hajawahi kuona ndege kwa karibu alirudi ameridhika. (Polisi wa mpakani walichukua mifuko yetu yote ya plastiki, kwa kuwa Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008, anayekwenda abebe kikapu.)

Pamoja na hayo, sitaficha kwamba Kibeho pana machozi mengine. Mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya kanisa la parokia pale, na mwaka uliofuata wakimbizi wengi wa ndani waliuawa katika kambi. Mtu wa Kivu anapopiga magoti pale anasali na mambo mengi moyoni. Mimi niliona hiyo ndiyo hija.

Katekista wa Ruashi aliandika:

Ndugu wa Bukavu, hakuna anayeishusha Kibeho, nami ningependa kufika. Ila mama huyu hakuweka nadhiri ya kutembelea mahali popote palipobarikiwa. Alitaja jina la mji. Akiona mwenyewe kwamba Kibeho ni jema lililo sawa, kanuni inamruhusu kubadili. Tukimbadilishia sisi kwa sababu ya umbali au bei, tutakuwa tumempeleka kutimiza nadhiri yetu.

Kuhusu zile barua za majirani, Binti, zipeleke. Mtu anayehiji hubeba wasioweza kuhiji, na pale pangoni kuna mahali pa kuweka barua za maombi. Lakini zile zenye fedha ndani kwa ajili ya Misa au mishumaa, ziandike katika daftari moja, jina na kiasi, mbele ya aliyeleta, na urudi na jibu. Vifurushi vilivyofungwa uvirudishe leo kwa wenyewe. Usibebe mzigo ambao hukuufunga kwa mikono yako, hata kama mwenyewe ni mwanachama wa Lejio ya Maria.

Binti wa Katuba aliandika:

Ninawashukuru wote, wazazi na ndugu. Nilifanya alivyoagiza Katekista: nilimwuliza mama, jambo ambalo, kwa aibu ninakiri, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifanya. Tulikuwa tukimjadili sebuleni naye yuko jikoni akitusikia.

Alijibu kwa neno moja: «Miye nilisemaka Lourdes, sikusemaka fasi ingine.» Kisha akaongeza kwamba Kibeho atakwenda akirudi na nguvu, na kwamba kaka ndiye atakayempeleka, na alipie yeye. Kaka amekubali, ingawa ninadhani hakutarajia.

Tumejiondoa katika kundi la miji mitano. Nilimwuliza mwandaaji maswali matatu ya ndugu wa Kolwezi. La kwanza alilijibu kwa hasira na mengine mawili hakuyajibu. Tutakwenda sisi wawili, siku sita, Lourdes peke yake, na paroko amekubali kuandika barua yenye majina ya pasipoti. Nimesoma pia kwamba Cité Saint-Pierre, nyumba ya shirika la Kikatoliki la Secours Catholique iliyo kilimani juu ya patakatifu, huwapokea mahujaji wenye uwezo mdogo, na nimewaandikia. Vidonge tumevizungumza mbele ya paroko, na mama alicheka akasema hajawahi kumwambia Mungu ampe shinikizo la damu la kijana.

Jambo lililomfurahisha zaidi ni hili, nalo nililigundua kwa bahati tu. Rozari ya pangoni hurushwa hewani kila siku saa tisa na nusu alasiri, na kwa kuwa Ufaransa wakati wa kiangazi inatumia saa ileile ya Lubumbashi, jumuiya yetu ya Katuba itakusanyika kwa jirani mwenye intaneti na kusali wakati uleule mama anaposali. Wameanza kugawana mafungu. Wanabishana nani atashika lile la tatu.

Limebaki swali moja, ambalo ni la mama na ameniamuru niliandike kama lilivyo: je, anaruhusiwa kubeba unga wa bukari (ugali), kapenta (dagaa) na nyama kavu kidogo, kwa sababu hawezi kumshukuru Mungu siku sita kwa mkate?

Mstaafu wa Kamalondo aliandika:

Mke wangu aliuliza hilohilo. Nyama ya aina yoyote na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii, na forodha wakivikuta wanavitupa, kwa hiyo nyama kavu ibaki Katuba. Samaki wanaruhusiwa kwa matumizi ya mtu mwenyewe, hadi kilo 20, nami sidhani mama anafikia hapo kwa kapenta. Sisi tulibeba unga kilo mbili na hakuna aliyetuuliza. Kabla hamjachagua chumba, hakikisheni kama kuna mahali pa kupikia, maana sisi tulirudi na unga wetu wote Kamalondo. Kapenta azifunge mara tatu na kuziweka mbali na nguo za Misa.